Hatua ya Saba ya Sura ya Tisa

Mwongozo wa programu ya Shubaka ulikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne, na mtu pekee aliyejulikana kuzisoma zote ni yule aliyeziandika. Wenzake walimwita Mhariri. Jina hilo alipewa kwa heshima, heshima ile ile apewayo mlinzi wa lango ambalo hakuna mtu anayelipita.

Shubaka yenyewe ilikuwa programu ya kuendeshea maktaba za shule: nani ameazima kitabu gani, atakirudisha lini, na amesingizia nini asipokirudisha. Ilikuwa programu huria, maana yake msimbo wake ulianikwa mtandaoni kama nguo kwenye kamba, yeyote auchukue, autumie, autengeneze, wala asiombe ruhusa ya mtu. Waliuhudumia watu watatu wa kujitolea. Mwanzilishi aliitwa Mzee, ingawa alikuwa na miaka thelathini na mmoja na mama yake bado alimchagulia soksi. Wa pili aliitwa Haraka, na jina hilo linajieleza. Wa tatu ndiye Mhariri, ambaye hakuwahi kuandika msimbo hata mstari mmoja. Kazi yake ilikuwa kueleza kwa lugha ya binadamu yale ambayo wenzake waliyaeleza kwa mabano na nukta mkato.

Kazi hiyo aliifanyia sebuleni kwa mama yake mdogo, fundi cherehani, kwenye ncha moja ya meza ndefu. Ncha ya pili ilikuwa na cherehani, chaki, pini na mapande ya sare za shule. Katikati ulilazwa ukanda wa kupimia, na huo ulikuwa mpaka wa kimataifa. Kompyuta haikuuvuka kwenda kule, mkasi haukuuvuka kuja huku.

Mradi ulikuwa na desturi moja takatifu. Badiliko lolote la mwongozo halikuingia mpaka watu wawili walisome na kuandika chini yake, "Nimesoma, sawa." Aliyeruhusiwa kuandika maneno hayo alisemwa kuwa ana ufunguo. Funguo zilikuwa tatu, na hakuna aliyejipitishia kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo alichoandika Mhariri kilisomwa na Mzee na Haraka.

Kilisomwa, lakini kwa namna yao. Siku aliyowatumia sura ya tisa iliyoandikwa upya, kurasa thelathini na moja alizozisugua kwa wiki tano, majibu mawili yalirudi ndani ya dakika nne. Nimesoma, sawa. Nimesoma, sawa. Dakika nne. Hata mbuzi angepewa kurasa hizo azile, asingekuwa amezimaliza.

Mtu mwingine angenung'unika yakaisha. Mhariri alikuwa amelelewa na shule ya bweni. Huko aliwahi kubandika tangazo lenye mhuri uliochongwa kwa kiazi, likiagiza wasichana waoge kwa kufuata alfabeti ya majina ya bibi zao, na bweni zima likatii wiki mbili kabla matroni hajauliza agizo lilitoka wapi. Kwa malezi hayo, alifungua sura ya tisa, ile ya kufuta kumbukumbu za mwaka uliopita, akaongeza hatua moja kati ya ya sita na ya mwisho:

*7. Inuka. Nenda hadi mlangoni, gusa fremu ya mlango kwa mkono wa kulia, kisha urudi ukae.*

Akaituma. Haraka alipitisha baada ya dakika moja. Mzee alipitisha baada ya tatu. Mhariri akahifadhi ushahidi na kujiandaa kuwaumbua kwenye kikao cha Jumamosi, akicheka peke yake mpaka mama mdogo akamuuliza kama kompyuta ina mchumba ndani.

Lakini Haraka ni Haraka. Toleo jipya la programu lilipangiwa mwisho wa mwezi, naye akalitoa Alhamisi, sura ya tisa ikiwa ndani yake. Mhariri aliliona likiwa limeshatoka. Akaifuta hatua ya saba upesi na kutuma badiliko lenye maelezo ya maneno mawili tu, "Marekebisho madogo." Wenzake wakajibu kama kawaida yao: Nimesoma, sawa. Hivyo uongo ukaingia kwa sahihi mbili na ukatoka kwa sahihi mbili, na waliotia sahihi hawakujua kama uliwahi kupita. Habari za kuwaumbua zikaishia hapo, maana sasa mwenye kesi alikuwa yeye. Akala jiwe, asimwambie mtu.

Miezi mitatu ikapita, mwaka wa masomo ukafika mwisho, na barua ikaingia kwenye sanduku la mradi, ambalo wote watatu hulifungua.

*Kwa watunzaji wa Shubaka. Mimi ni mkutubi wa shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita. Mwongozo wenu niliuchapisha siku ileile mlipotoa toleo jipya, na ninaufuata kwa uaminifu. Naomba ufafanuzi kuhusu hatua ya saba ya sura ya tisa. Kwanza, maktaba yetu ina milango miwili, na mwongozo hausemi ni upi. Nimekuwa nikitumia wa mashariki. Pili, kazi hii hurudiwa kwa kila darasa, nasi tuna madarasa ishirini na manne, na goti langu la kushoto lina historia yake. Je, mtu mwingine anaweza kugusa fremu kwa niaba yangu?*

Mhariri alicheka hadi akafika kwenye goti. Hapo kicheko kikamkauka mdomoni. Akahesabu: safari ishirini na nne kwenda, ishirini na nne kurudi.

Mama mdogo alisimamisha cherehani akataka kujua kilichomfanya abadilike rangi. Akaelezwa yote, kuanzia dakika nne hadi mlango wa mashariki. Hakugomba. Alikata uzi kwa meno, kitendo alichowakataza wanafunzi wake wote wa ushonaji, akasema, "Mwanangu, nguo nikiikosea mimi, aibu anaivaa mteja."

Ujumbe wa Mzee ulifika kabla ya saa kuisha. Aliitisha kikao cha video Jumamosi, mkutubi akiwa mgeni, na chini yake akanakili kanuni ya nne ya mradi: atakayeandika uongo kwa makusudi katika kumbukumbu za mradi atanyang'anywa ufunguo. Kanuni hiyo iliandikwa na Mzee mwenyewe, na aliyeinyoosha lugha yake ni Mhariri. Ama kweli mchimba kisima huingia mwenyewe, tena hiki alikuwa amekisakafia.

Kunyang'anywa ufunguo hakukuwa jambo dogo kwake. Bila ufunguo angebaki mpita njia, mtu wa kupendekeza na kungoja, na mwongozo ungeangukia mikononi mwa Haraka, ambaye sura aliyowahi kuandika ilikuwa na sentensi moja: "Ni rahisi tu." Kurasa zile alizijua kama mtu ajuavyo watoto wake, pamoja na zile zenye makamasi.

Ijumaa Haraka alimpigia simu kwa sauti ya chini, kana kwamba kuta za chumba chake zilikuwa na masikio. Alikuwa na wazo. Waseme ni hitilafu ya mashine, mistari imejichanganya yenyewe, nani atajua. Mhariri alivutika, hilo lisifichwe. Alivutika kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Kisha akamwambia kwamba hifadhi ya mradi huandika kila badiliko, nani kalifanya na saa ngapi, na kwamba mashine haijawahi kukosea kwa Kiswahili sanifu namna ile.

Haraka akauliza kama hifadhi huandika pia waliopitisha.

"Huandika," alisema Mhariri.

"Basi mimi niko nawe, dada," alisema Haraka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeandaa udhuru wa kutokuwepo.

Jumamosi saa nne asubuhi nyuso zilijitokeza kwenye kioo cha kompyuta. Mzee alikuwa amevaa shati la kola. Haraka alikaa mbele ya kitanda kisichotandikwa. Mama mdogo, ambaye hakualikwa, alikuwa akishona kwenye ncha yake ya meza kwa cherehani ambayo haikutoa mlio wowote.

Kisha akatokea mkutubi, mama wa miaka hamsini na kitu, miwani ikining'inia kwenye mnyororo. Mbele yake palikuwa na kitabu kinene kilichojalidiwa kwa kitambaa cha kijani, na kwenye kingo zake vijikaratasi vya rangi vilichomoza kama nyasi. Mhariri alichukua muda kutambua ni kitabu gani. Ulikuwa mwongozo wake. Katika miaka mitatu hakuwahi kuuona kwenye karatasi, sembuse kuona kona za kurasa zake zimelegea kwa kufunguliwa.

Mzee alifungua kikao kwa hotuba kuhusu imani ya watumiaji. Ilikuwa hotuba nzuri na ingeendelea, ila mkutubi aliinua mkono, akauliza aliyeandika hatua ya saba ni nani.

"Ni mimi, mama," alisema Mhariri.

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Naomba radhi, na kwa goti lako zaidi."

"Uliandika kwa nini?"

"Nilitaka kuona kama kuna mtu anayesoma."

Mkutubi alivaa miwani, akamtazama. "Basi umemwona," alisema.

Kwenye ncha ya pili ya meza mama mdogo alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mzee, kwa uso wa hakimu, akasema kwamba kwa kuwa mtuhumiwa amekiri, kanuni ya nne ni bayana. Mkutubi akamwomba asubiri. Alifungua kitabu cha kijani mwishoni kabisa, kwenye kiambatisho cha kanuni, mahali ambapo hata Mhariri aliamini hapajawahi kukanyagwa na jicho.

"Hapa pameandikwa badiliko husomwa na watu wawili. Hao wawili ni nani?"

Picha ya Haraka ilizimika ghafla. Jina lake likabaki, pamoja na ujumbe kwamba mtandao unamsumbua. Akabaki Mzee na kola yake.

"Mimi ni mmojawapo, mama," alisema.

"Sura hii niliisoma kwa siku tatu. Wewe ilikuchukua muda gani?"

Mzee alitazama hifadhi ya mradi, ambayo haijui kumstahi mtu. "Dakika tatu."

"Ukiwa wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Ukaandika, 'Nimesoma, sawa.'"

"Niliandika."

Mkutubi akasoma kanuni ya nne polepole, kama mtu anayesomea darasa la wadogo. Uongo. Kwa makusudi. Katika kumbukumbu za mradi. Akauliza, bila ukali wowote, kama sahihi ni sehemu ya kumbukumbu za mradi au huwekwa kwingine. Ikumbukwe kwa heshima ya Mzee kwamba hakutafuta mlango wa nyuma. Alipangusa uso, akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mtu aliyekamatwa na sheria yake mwenyewe, na akasema kwamba kwa haki iliyo sawa funguo zote tatu zimeanguka. Picha ya Haraka ikarudi muda huohuo, afya ya mtandao wake ikiwa imeimarika, kuuliza kama alikosa jambo lolote.

Hivyo Shubaka ikabaki kama nyumba ambayo wenyewe wote wamejifungia nje. Mtu alihitajika kushika ufunguo, na mtu aliyekuwa amesoma kweli alikuwa mmoja. Mkutubi alikubali kwa sharti. Kila Jumamosi saa nne mwongozo ungesomwa kwa sauti, tangu ukurasa wa kwanza, na wasomaji wangekuwa Mzee na Haraka kwa zamu. Aliyeuandika angesikiliza tu. Ukurasa wa mwisho ukisomwa, funguo zingerudi, na wa Mhariri ungetegemea atakavyoyapokea atakayoyasikia.

Yakafuata majuma kumi na moja ambayo hayajawahi kuonekana katika historia ya programu huria, au kama yamewahi, wahusika wameyaficha. Haraka alisoma kwa kukimbia mpaka mkutubi alipomrudisha mwanzo wa aya mara tatu, ndipo akajifunza kupumua kwenye nukta. Katika ukurasa wa arobaini alifika mahali panapomwambia msomaji abonyeze kitufe cha kijani, akasimama, akakiri kwamba kitufe hicho alikiondoa yeye mwaka uliopita na hakumwambia mtu. Mzee alikutana na njia ya kutafuta vitabu kwa rangi ya jalada, akasema ni wazo zuri sana na waliweke kwenye programu, akakumbushwa kwamba lipo na alilitengeneza yeye. Mama mdogo alianza kuzima cherehani saa nne kasoro tano.

Na Mhariri alisikia. Alisikia sentensi yake ya ukurasa wa kumi na mbili ikimmaliza Mzee pumzi kabla haijafika nusu. Alisikia neno "kadhalika" likijirudia mara tisa katika ukurasa mmoja. Wiki ya kwanza masikio yalimwaka moto. Kufikia ya nne alikuwa na daftari mapajani, na kila Jumatatu alimpelekea mkutubi marekebisho, naye humrudishia yakiwa na maswali pembeni. Kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kumuuliza swali hata moja. Alikuwa akiyafungua maswali hayo kama zawadi, la kwanza likisomwa wakati chai bado ya moto.

Jumamosi ya kumi na moja, Haraka alisoma mstari wa mwisho wa kiambatisho cha mwisho, polepole, akatua. Mkutubi alifunga kitabu cha kijani. Akamrudishia Mzee ufunguo wake, akamrudishia Haraka wake kwa onyo fupi kuhusu vitufe. Kisha akamgeukia Mhariri.

"Binti, wako huu hapa. Lakini nimebakiwa na maswali sitini na moja."

"Sasa hivi, mama?"

"Kama una nafasi."

Mhariri alitazama ncha ya pili ya meza. Mama mdogo aliuinua ukanda wa kupimia na kuusogeza upande wa cherehani kwa shubiri mbili nzima. Mhariri akatandaza daftari juu ya eneo jipya la nchi yake, akachonga penseli, akasema yuko tayari kwa swali la kwanza.