Wekundu Chini ya Nyota Tatu

Yangdol alikuwa amechunga mbuzi katika kijiji cha Hanle, juu milimani, kwa zaidi ya miaka sitini, na anga la pale alilijua kama jiko lake. Ndiyo maana Kunzes, mke wa mwanawe, alipoacha mifugo na kuanza kuwaonyesha wageni nyota kwa darubini, yeye alimwona mvivu tu aliyepata kisingizio.

Jioni moja ya Januari theluji ilifunga njia ya mlimani, wageni wasifike. Kunzes akamwita mama mkwe wake uani.

"Njoo uchungulie, mama. Leo darubini haina mtu."

"Nyota nimeziona kabla mama yako hajazaliwa."

"Basi njoo unikosoe."

Yangdol akainama. Darubini ilielekezwa chini ya nyota tatu zilizojipanga mstari; aliona kiwingu cha kijivu, basi.

"Watu wanatoka Delhi kuja kutazama moshi huu?"

Kunzes alifunga kamera kwenye darubini, akamwonyesha kitufe. "Bonyeza mwenyewe, halafu subiri."

Yangdol akabonyeza, akaurudisha mkono ndani ya koti lake la ngozi ya kondoo. Ikapita nusu dakika. Mara skrini ya kamera ikajaa wekundu kama wa nyama mbichi, zambarau pembeni, na katikati weupe wa kuumiza macho.

Alirudi nyuma hatua mbili. Akakaa kwenye theluji.

"Umechora wewe."

"Mkono uliobonyeza ni wako, mama. Macho yetu hayakusanyi mwanga wa kutosha. Kamera inakusanya."

"Rangi hizi zilikuwa pale siku zote?"

"Siku zote. Hapo ndipo nyota zinapozaliwa. Hata sasa hivi."

Yangdol alijishika mdomo. Watoto wake wote saba aliwaambia kwamba nyota ziliwekwa mara moja, zamani, kazi ikaisha. Moyo ulimwenda mbio kama usiku ule chui alipoingia zizini. Miaka yote ile amelala nje na mifugo, kitu hiki kiko juu yake, na hakujua.

Akabonyeza tena. Wekundu ukarudi. Akabonyeza mara ya tatu, ukarudi vilevile.

Basi akainuka, akavuka uchochoro, akagonga kwa jirani yake Dolkar kwa ngumi. Dolkar akafungua, shuka mabegani, uso umemshuka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Vaa viatu uje," Yangdol alisema. "Nimeshindwa kuamini peke yangu."