Mbegu Zilizoota Jaladani

Siku ya tisa baada ya kupanda, Milembe alipiga magoti kwenye mstari wa nne wa shamba lake huko Sapiwi, akafukua shimo, akaikuta mbegu ya pamba vilevile alivyoiweka. Rangi ya kijani ya dawa ilikuwa bado inang'aa. Mvua tatu zilikwisha kupita juu yake, na mchwa walikuwa wameizunguka wakaenda zao. Akafukua shimo la pili, la tano, la arobaini. Hapo akaacha, kwa kuwa anayefukua zaidi ya arobaini anatafuta la kumfariji tu.

Milembe alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Kaya ishirini na mbili zilikuwa zimepanda mbegu ile kwa neno lake. Yeye ndiye aliyesimama kanisani baada ya matangazo akasema nimeishika mwenyewe, ni nzuri.

Alimkuta Luhaga, wakala wa pekee wa mbegu katika kata, akishusha magunia mengine ya mbegu ileile.

"Mwangaluka, mayu," Luhaga alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Luhaga, mbegu haijaota."

"Mbegu ni mgeni, mayu. Usimharakishe."

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu ana siku tisa na bado kalala."

Luhaga alicheka kwa heshima, akabeba gunia jingine.

Mjini Bariadi kulikuwa na ofisa wa mamlaka ya kulinda walaji, jina lake Januarius, mtu wa kuandika polepole. Alimpa Milembe kiti.

"Kwa hiyo wewe ndiye mlaji," alisema huku akiandika.

"Sikuzila, baba. Nilizipanda."

"Kisheria, aliyenunua ndiye mlaji."

"Basi sheria haijawahi kulima."

Januarius alimweleza kwamba mamlaka ingeweza kwenda mahakamani kuomba uuzaji usimamishwe, na muuzaji aamriwe kuleta mbegu iliyo hai kabla mvua za kupandia hazijakatika. Mambo hayo, alisema, mahakamani huitwa nafuu.

"Na mnaweza?"

"Sheria inasema mamlaka inaweza kuomba."

"Kama inaweza, iombe."

Januarius aliweka kalamu chini. Alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi ile, na majalada mengi yaliyopita mezani kwake yalikuwa yamesimama kwenye neno hilo, inaweza, kama ng'ombe wanaosimama mbele ya mto uliojaa. Siku hiyo hakuona sababu ya kutovuka. Alihesabu mbegu hamsini kati ya zile alizoleta Milembe, akazitia kwenye bahasha ya kaki, akaipiga muhuri, akaiweka ndani ya jalada na kulifungia kwenye droo.

Siku ya nne droo ilikuwa nzito kufunguka. Mbegu zilikuwa zimeota zote hamsini, zimeipasua bahasha palepale penye muhuri. Hapakuwa na maji wala udongo, ni karatasi tu. Januarius alichukua rula, akapima miche, akaandika urefu wake kwenye ukurasa mpya. Kisha aliwaandikia makao makuu kuomba mwongozo. Walijibu kwamba kielelezo kitunzwe kama kilivyo. Kwa hiyo aliiacha droo wazi, kipate mwanga. Wiki ya pili pamba ikatoa maua, na mhudumu akawa anafagia yale yaliyonyauka pamoja na vumbi.

Milembe alipokuja kuuliza tarehe ya shauri, aliitazama.

"Imepapenda hapa," alisema.

"Inaonekana."

"Na zile za shambani?"

"Zile hazina jalada," alisema Januarius. Alisema hivyo kwa masikitiko.

Siku ya shauri kielelezo kiliingizwa mahakamani kwa toroli, kwa sababu hakikubebeka. Wakili wa kampuni inayomuuzia Luhaga mbegu, mtu mpole, aliinuka mara moja tu.

"Mheshimiwa, tunaambiwa mbegu hizi haziwezi kuota. Kielelezo cha mwombaji kinajieleza."

Hakimu alivaa miwani, akagusa jani. Akamuuliza Januarius kama muhuri ni wake. Ni wake. Kama kuna aliyebadilisha mbegu. Hakuna. Kama zimeota zote. Zote.

Milembe akaruhusiwa kusema.

"Mheshimiwa, zimeota kwenye karatasi. Njoo Sapiwi uone udongo."

"Mama, sheria inataka mbegu iwe na uwezo wa kuota. Haisemi iote wapi."

Maombi yakatupwa.

Pamba haikumshtua Milembe, alikwisha kuizoea. Kilichomshtua ni jinsi jambo lenyewe lilivyokwisha, kabla hata benchi halijapata joto. Wakili alimngoja mlangoni ampishe, akamwambia pole mama, na ilionekana inatoka moyoni.

Nyumbani aliwakuta wanakikundi wamekaa uani. Jirani yake Nyamizi ndiye aliyeuliza.

"Imekuwaje?"

Milembe alivua viatu, akaketi kati yao.

"Mahakama imesema mbegu ni nzima."

"Nzima?"

"Nzima."

"Basi waliokufa ni sisi," alisema Nyamizi.

Mvua za kupandia zilikuwa zimebakiza wiki moja, na katika kata yote mbegu iliyokuwepo ni ya Luhaga.

"Mwenyekiti, wewe unafanyaje?" aliuliza mmoja wao.

Wakamtazama wote. Milembe alijua kwamba lolote atakalosema ndilo watakalofanya.

"Mimi napanda," alisema, maana kusema hapandi kulikuwa ni kuwaambia msimu umekwisha, na neno hilo halikumtoka.

Kaya ishirini na mbili zikapanda tena. Siku ya tisa Milembe alifukua shimo moja, akalifukia.

Alasiri ile karani wa mahakama alimpigia simu. Kielelezo kilikuwa kimepasua vitumba, pamba inaanguka sakafuni, na kwa kuwa huenda mamlaka ikakata rufaa, lazima ihifadhiwe. Alihitajika mtu anayejua kuchuma.

Kesho yake alikwenda na gauni lake la shambani. Mashina yalikuwa yamepanda hadi rafu ya tatu ya masjala ya mahakama, kielelezo kilikowekwa. Alichuma kutwa nzima, makarani wakimpisha kila walipohitaji jalada. Tangu azaliwe hakuwahi kushika pamba safi kiasi kile. Haikuwa na jani wala doa. Ilijaza gunia. Karani alilishona, akalifunga lebo yenye namba ya shauri, akaliburuta hadi stoo.

Mlangoni alimwomba apindue mifuko ya gauni, kwa kuwa kielelezo hakitoki.

Milembe akaipindua. Ukaanguka udongo wa shambani. Karani aliinama, akauzoa, akauchambua mezani kwa makini, kisha akaandika kwenye daftari lake: udongo, kiasi kidogo, hauna kitu ndani. Akamruhusu aondoke nao.