Picha Thelathini na Sita

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na nilipokuwa nayo nilikuwa mtu mwenye heshima zake hapa Kasulu. Nilijifunika shuka jeusi, nikapiga picha moja, nikaiosha saa hiyo hiyo kwenye karai chumbani. Negativu yake ilikuwa kubwa kama kiganja, kwa hiyo niliibana pamoja na karatasi kwenye fremu, nikaiweka juani mlangoni, na mteja akasubiri huku anakunywa chai. Sikuhitaji umeme wala msaada wa mtu.

Basi sijui shetani gani alinipitia. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1975 nilikwenda Kigoma kununua karatasi, na mpiga picha mwenzangu Omary akanicheka mbele ya wateja wake. "Hilali, bado unaingia ndani ya shuka kama bibi harusi?" Akanionyesha kamera ndogo ya kuvaa shingoni. Mkanda mmoja ulitoa picha thelathini na sita, kila moja ndogo kama ukucha wa dole gumba, lakini yeye alikuwa na mashine ya umeme ya kuzikuza. "Wewe piga tu. Mkanda ukiisha nitumie kwa basi."

Nilirudi tena kubadilishana naye, nikamwachia kamera yangu ya mbao, na juu yake cherehani ya mke wangu Mwamvua. Omary alinionyesha mara moja namna ya kutia mkanda. Alipotaka kurudia nilimwambia nilianza kupiga picha kabla yeye hajatahiriwa, akanivisha kamera shingoni. Mwamvua alipokiona kile kidude shingoni mwangu aliuliza, "Hiki ndicho kilichokula cherehani yangu? Naona hata hakijashiba."

Mmoja wa wateja wa mwanzo alikuwa Pelagia. Alivuka mpaka mwaka 1972 akitokea Burundi, mjamzito, pamoja na mumewe Harerimana. Baadaye mume alipakiwa kwenye lori na wenzake, akapelekwa makazi ya wakimbizi huko Tabora, na yeye akabaki kwa ndugu zake kijijini Munanila akisubiri kujifungua. Mtoto wa kike alizaliwa, akaitwa Immakulata. Baba yake hakuwahi kumwona. Kutoka kwenye makazi kulitaka kibali, na kibali hakikuja. Katika kila barua aliomba kitu kimoja tu, picha ya mwanawe.

"Baba Shamsia," Pelagia aliniambia, kwa kuwa binti yangu ni Shamsia, "mpige vizuri, yemwe, nakuomba. Mpige hata baba yake aone vidole." Nilimsimamisha mtoto ukutani. Hakulia, hakutikisika, alinitazama tu kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kupigwa picha. Nilifurahi sana. Nikabofya, nikavuta kishikio cha kusogeza mkanda, nambari ikasogea kwenye kidirisha cha kuhesabia, nikasema njoo wiki ijayo.

Sasa nieleze ujinga wangu. Kwa kamera ya zamani kila mtu alikuwa na picha yake, nayo iliisha siku yake. Hii mpya iliwafunga watu thelathini na sita kwenye kamba moja. Na wateja walikuwa wapi? Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, wanajenga upya nyumba zao, nani alikuwa na moyo wa kupigwa picha? Kuutuma mkanda nusu niliona ni hasara. Kwa hiyo kila siku ya soko Pelagia alikuja na mtoto mgongoni, na mimi nilimwambia bado. Bado ishirini na mbili. Bado kumi na tisa. Yeye aliitikia, "Ego," ndiyo ya kwao, akainama kidogo kwa adabu, akarudi zake kwa miguu.

Zilipobaki kumi na moja alikuja bila mtoto. Surua ilikuwa imepita Munanila. "Immakulata tumemzika Jumanne," alisema. "Ile picha bado ipo?" Nilimwambia ipo. Siku hiyo hiyo nikapiga kuku wangu, mlango, msikiti, na Mwamvua amekasirika mara nane, hadi nambari ikafika thelathini na sita. Nikauzungusha mkanda urudi ndani ya kopo lake na kuutuma kwa basi la asubuhi.

Omary alinirudishia baada ya siku tisa, na barua fupi ya maelezo ndani. Mkanda ulikuwa mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Ncha yake sikuinasisha kwenye kigurudumu cha upande wa pili. Nilipokuwa navuta kishikio nambari zilisogea, mkanda ukabaki umelala ndani ya kopo lake. Nilikuwa nimepiga picha thelathini na sita bila kupiga picha hata moja.

Nilikwenda Munanila mwenyewe kumwambia Pelagia. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Aliuliza, "Hata kidogo?" Nikasema hata kidogo. Akaniletea maji ya kunywa kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali, nami nikayanywa kwa aibu.

Nilirudi Kigoma, nikakaa mbele ya Omary kama mtoto wa darasa la kwanza, nikafundishwa kutia mkanda. Mwezi uliofuata Pelagia alikuja dukani amemshika mkono binti wa Ndihokubwayo, jirani yake, rika la marehemu, ameogeshwa na kupakwa mafuta.

"Mpige huyu," alisema.

"Mama Immakulata, huyu si..."

"Nimeandikisha barua mara mbili nimwambie mume wangu, nimeshindwa. Yuko peke yake kule. Hakuwahi kumwona, Baba Shamsia. Hatajua."

Ningekataa. Lakini ningekataa kwa mdomo gani, mimi? Nilipiga. Nikatuma mkanda siku ile ile, picha moja tu ndani yake. Ilirudi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani, vidole vyote unaviona. Pelagia hakuitazama, aliifunga kwenye bahasha na kuipeleka misheni iende Tabora.

Juzi ameniletea jibu nimsomee, maana yeye hajui kusoma. Limeandikwa Kirundi, lakini kwa sisi tuliokulia kwenye Kiha si taabu. Harerimana anasema ameionyesha picha kwa makazi mazima. Anasema mtoto amechukua paji la uso la bibi yake, yaani mama mzazi wa Harerimana, hata wazee waliomjua wamekubali. Anasema ameipeleka picha hiyo ofisini, ofisa akaitazama, akamhurumia, na kile kibali alichonyimwa miaka mitatu amepewa.

Nilitaka kuishia hapo. Pelagia akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Anafika Kasulu mwezi wa kumi na mbili. Anaomba mimi mpiga picha nisisafiri, kwa sababu kitu cha kwanza anachotaka ni kupigwa picha amempakata mwanawe.