Safi ya Wifi

Sampuli ya lami ilipasuka tena chini ya mashine ya kukandamiza, kabla haijafika hata nusu ya uzito uliotakiwa. Mtafiti akaokota kipande, akakisogeza dirishani. Ndani ya lami vilimeremeta vipande vya plastiki vigumu kama kucha. Havikuyeyuka. Naye aliagiza mifuko laini na pakiti za maziwa, ambazo zikikutana na kokoto za moto huyeyuka, zikazishika kama gundi.

"Hizi ni chupa za maji," alisema. "Kuna mtu anatuchanganyia."

Mkuu wa maabara alivua miwani. "Nani analeta plastiki?"

Mtafiti akakigeuza kile kipande mkononi. Aliyeleta ni wifi yake, dada wa mumewe, kiongozi wa kina mama wanaochambua taka nyuma ya soko.

"Nipe jina jioni, mwanangu," mzee alisema kwa upole. "Kundi hilo tuachane nalo. La sivyo utafiti unafungwa, na barabara ya zahanati itabaki na mashimo yake."

Njiani shaka ilimtafuna. Kikulacho ki nguoni mwako. Si wifi huyu aliyesema siku ya harusi kwamba kaka yake kaoa vitabu? Si yeye aliyecheka aliposikia habari za barabara ya plastiki: "Haya, na nyumba mtajenga kwa maganda ya ndizi?" Na siku hizi amekuwa mwema mno. Magunia anayaleta mwenyewe, yamefungwa vizuri, na chai ya maabara hanywi. Hata kule kumtunza mtoto wa mtafiti mpaka mama yake atoke kazini, leo alikutazama kwa jicho jingine. Anatafuta nini?

Alifika nyuma ya soko, asibishe hodi. Akachungulia kwenye tundu la ukuta wa mabati.

Wifi alikuwa ameinamia beseni la povu, anasugua chupa kwa brashi. Akaiinua juani, akaridhika, akaitia guniani. Kisha akashika pakiti ya maziwa, akainusa, akakunja uso na kuitupa kwenye rundo la kutupwa.

"Wifi! Nimekushika!"

Chupa nyingine ikamponyoka wifi, ikatumbukia ndani ya beseni. "Umenishika nikiiba nini, povu? Hodi siku hizi huijui?"

"Nani amekutuma utie chupa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisimama hapo hapo ulipo. 'Nataka safi tupu, wifi, msije mkaniaibisha.' Sasa pakiti ya maziwa uioshe usioshe, itanuka tu. Chupa hii unaweza kujitazamia ukasuka nywele. Nikupelekee uvundo kazini, waseme mawifi zake ndio wanaomletea?"

Mama mmoja aliyekuwa akichambua mifuko alicheka. "Mwangalie vidole, vimechubuka kwa sabuni. Kutwa anatugombeza: osheni, wifi yangu msomi asidharauliwe."

Mtafiti akavitazama vile vidole. Yeye alisema safi akimaanisha aina moja isiyochanganywa, kama watu wasemavyo maziwa safi, yasiyotiwa maji. Hata hivyo moyo wake bado ulitafuta kosa, kama ulimi unavyotafuta pengo la jino. Haukuliona.

"Nilitaka zile laini, wifi. Hata zikinuka."

"Zinazonuka?"

"Hizo hizo."

"Si ungesema unataka chafu!"

Jioni mzee alimngoja mlangoni. "Jina?"

"Langu. Nilielekeza vibaya, wakanielewa vibaya."

Mzee alimkazia macho. "Au unamficha wifi yako? Nimeambiwa ni wifi yako." Hakungoja jibu. "Kesho nitachanganya mwenyewe."

Kesho yake wifi alisimama kando ya mlango wa maabara na gunia linalonuka, hajui aweke wapi mikono yake. Mtafiti akamsogezea kiti. Mzee alichambua pakiti moja moja, akazikatakata, akazimwaga kwenye kokoto za moto, kisha lami. Sampuli ilipopoa akaiweka kwenye mashine. Sindano ya kipimo ikapanda, ikapita alama ya uzito uliotakiwa. Sampuli haikupasuka.

"Nyingine," alisema.

Nayo ikahimili.

Mzee akazima mashine, akafuta mikono taratibu. "Tutaanza na kipande cha barabara mbele ya lango la zahanati. Na kundi libaki." Akamgeukia wifi. "Ila kuanzia leo, kila gunia nitalifungua mimi."

"Lifungue, baba," wifi alisema. "Lakini uzibe pua."