Picha ya Moyo Wazi

Mimi nina ugomvi na watu wanaolia kwa ratiba. Meneja wetu alikuwa analia kila Jumatatu saa tatu kasorobo asubuhi, na kiwanda kikipata wageni katikati ya wiki, analia tena mbele ya wageni.

Zamani hakuwa hivyo. Alipokuja kwenye kiwanda chetu cha kushona sare alikuwa meneja wa kawaida: anafunga mlango wake, anafoka kidogo, anasaini karatasi, kazi zinakwenda. Halafu wakampeleka semina ya uongozi ya siku nne. Huko akafundishwa kwamba kiongozi wa siku hizi lazima awe halisi, asijifiche nyuma ya cheo, watu wauone moyo wake. Akarudi hana tai. Asubuhi ile ile alipita kati ya cherehani akimsalimia kila fundi kwa kumshika bega, na aliposhika bega la fundi wa vifungo, yule dada akajichoma sindano. Kufika saa ya chakula alikuwa ameshapewa jina: Moyo Wazi.

Mimi ni msimamizi wa meza ya kukatia. Wananiita Mama Chaki, na wala sina neno. Meza yangu ina urefu wa hatua kumi na mbili. Kitambaa kinatandazwa juu yake tabaka juu ya tabaka mpaka hamsini, tabaka la juu linachorwa kwa chaki, kisha mkataji anapita na mkasi wa umeme. Ukikosea mstari mmoja umekosea mara hamsini. Ndiyo maana tangu kiwanda kianze tulikuwa na sheria moja isiyohitaji shule kuielewa: mkasi hauwashwi mpaka meneja asaini karatasi ya vipimo.

Moyo Wazi aliifuta. Alisema saini ni dalili ya watu wasioaminiana, na sisi sasa ni familia. Mkataji wetu alimwuliza, kwa adabu kabisa, kwenye familia hiyo vipimo vitakuwa vinatoka wapi. Moyo Wazi akamshika bega.

Huyo mkataji tulimwita Nusu Inchi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, miwani imefungwa uzi, na ubishi wa kukuchosha mpaka ujute kwenda kazini. Ukimwambia kitu kiko karibu sawa, anakuuliza karibu ngapi. Ameishi na mkasi ule miaka ishirini na sita na hajawahi kuharibu hata mfuko wa shati. Nilikuwa nagombana naye kila siku ya Mungu na sikuwa tayari kufanya kazi na mtu mwingine.

Basi, tukapata kazi ya makoti ya maabara. Makoti mia mbili, meupe, mikono mirefu ifike kwenye kifundo cha mkono, maana wale watu wanashika dawa zinazochoma ngozi. Siku ya kuchora, Nusu Inchi alikuwa amekwenda kupima macho. Moyo Wazi akashuka na binti wa mawasiliano, yule anayetembea na kamera shingoni. Akakunja mikono ya shati, akaniomba chaki. Alitaka apigwe picha akifanya kazi yetu, kwa sababu kiongozi halisi haoni aibu kuchafuka. Akachora mstari wa mkono wa koti kwa chaki ya buluu, na kando yake akaandika ishirini na moja, namba kubwa kama za ubaoni. Karatasi ya mteja ilikuwa juu ofisini kwake, hakuishika hata kidogo. Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika ncha ya kitambaa kisisogee. Binti akasema, "Tabasamuni," kamera ikalia, bwana mkubwa akapangusa vidole, akapanda ngazi.

Nusu Inchi aliporudi aliutazama mstari ule kwa muda.

"Huu wa nani?"

"Wa mkubwa."

"Ishirini na moja?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Mimi napeleka mkasi kwenye mstari," akasema, "lakini huu sijaupenda." Akasubiri nimjibu. Nikaendelea kunyoosha ncha ya kitambaa. Akawasha mkasi.

Makoti yalirudi Ijumaa, yote mia mbili, na barua fupi iliyonikata maini. Mikono ilikuwa mifupi kwa inchi mbili. Chaki haina kumbukumbu, ikishapigwa pasi imekwenda. Karatasi ya saini haikuwepo, maana sisi ni familia.

Jumatatu tukaitwa kwenye Duara la Ukweli. Nalo ni jambo la kuelezwa: viti vinapangwa mviringo katikati ya kiwanda, cherehani zinazimwa, na kila mtu anasema kitu cha kweli kutoka moyoni. Anaanza yeye. Anasimulia jinsi alivyofukuzwa shule kwa kukosa viatu, na mwalimu mmoja akamvulia vyake. Akifika kwenye neno "akavivua," machozi yanatoka. Mara ya kwanza nililia naye, nisiwadanganye. Mara ya tano fundi wa vifungo alikuwa akitoa kitambaa mfukoni na kumpa jirani yake sentensi mbili kabla. Kama hadithi ni ya kweli au la, mimi sijui. Najua tu kwamba mtu akizoea kulia mbele za watu anaweza kukosa muda wa kuwatazama.

Siku hiyo, alipomaliza kujifuta, akasema, "Kuna kosa kubwa limetokea. Sitaki kumtafuta mtu. Nataka mtu awe halisi, ajitaje mwenyewe."

Nikatazama viatu vyangu. Nusu Inchi akainua mkono.

"Mkasi ni wangu," akasema. "Nilikata kitu nilichokitilia shaka. Kosa hilo ni langu."

Moyo Wazi akamshukuru kwa ujasiri wake. Akatuambia tupige makofi, nasi tukapiga, na mimi nikapiga. Saa nane mchana Nusu Inchi akaletewa barua ya kuachishwa kazi. Mwisho wake Alhamisi, na siku hiyo kutakuwa na Duara maalumu ili tuagane naye kwa ukweli. Niliisoma barua mara mbili nikidhani macho yangu ndiyo yanayohitaji kupimwa. Mtu unamwambia sema kweli, anasema hata isiyo yake, halafu unamfukuza kwa kuisema. Na makofi juu.

Nilifika nyumbani nikiwa nafoka tangu mlangoni. Mume wangu alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza yote: machozi, mviringo wa viti, barua, miaka hamsini na minane, nani atamwajiri mtu mwenye miwani ya uzi. Nikamwambia Moyo Wazi ni mnafiki wa kutupwa.

"Ule mstari wewe si uliuona?" akauliza.

"Niliuona."

"Na Jumatatu kwenye hilo duara ukasema nini?"

Nikamwambia asinichanganye, kule kazini mambo hayaendi hivyo, ukimshika mkubwa uwongo mbele za watu unatafuta barua yako mwenyewe.

"Mimi nashangaa tu," akasema, akachukua kiazi kingine. "Mdomo huo hapa nyumbani haupumziki. Kumbe kazini unauacha kwa mlinzi getini."

Nikamkasirikia siku mbili nzima. Chai nilimpa, maneno nilimnyima.

Alhamisi niliingia kazini kupitia mlango wa mapokezi, ambao kwa kawaida siupiti. Pale ukutani kulikuwa na picha kubwa kama mlango wa kabati, imewekwa fremu, na chini yake maandishi: Kiongozi Halisi Hushika Chaki. Moyo Wazi ameinama mezani, mikono ya shati imekunjwa, uso umejaa unyenyekevu. Na mbele ya vidole vyake, kwa buluu juu ya kitambaa cheupe, kwa mwandiko wake mwenyewe: ishirini na moja. Ilikuwa imetundikwa pale wiki tatu. Alikuwa anaipita kila asubuhi.

Sikuichukua hapo hapo, naomba nisijipambe. Nilikwenda kwanza mezani kwangu, nikapanga chaki ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikamwona Nusu Inchi anaufuta mkasi wake kwa mafuta, taratibu, sehemu kwa sehemu, kana kwamba kesho atautumia, halafu anaufungia kwenye kitambaa chake na kuuandikia jina la kijana atakayeurithi. Hapo nikashindwa. Nikarudi mapokezi, nikapanda kiti cha mgeni, nikaing'oa.

Niliingia nayo katikati ya Duara. Moyo Wazi alikuwa ameshafika kwenye viatu vya mwalimu. Nikailaza picha juu ya meza ya kukatia, nikasema, "Samahani bosi, kabla hujalia, njoo usome namba hii."

Alikuja, na tabasamu lake la kushika mabega bado liko usoni. Akasoma. Akaisogelea zaidi. Nilimwona akiitafuta karatasi ya mteja kwenye faili alilolishika, akaipata, akaweka kidole kwenye ishirini na tatu. Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau au alikuwa anakumbuka siku zote. Ila uso uliokuja pale sikuwahi kuuona kwenye Duara lolote. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa.

"Bosi," nikasema, "usitusimulie kitu. Sema tu."

Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akaanza na "katika safari yetu kama familia," akaacha mwenyewe. Akakohoa.

"Namba niliandika mimi," akasema, kwa sauti ndogo mpaka walioko nyuma wakasogea. "Sikutazama karatasi. Nilikuwa... nilikuwa napigwa picha." Akamgeukia Nusu Inchi. "Barua ile nirudishie."

Hakulia. Hakuna aliyepiga makofi pia. Binti wa mawasiliano kamera ilikuwa inaning'inia kifuani pake na hakuigusa.

Na mimi, nisiwafiche, nilijisikia mrefu. Nikasimama kando ya picha ile mikono kiunoni, nikasubiri Nusu Inchi anishukuru. Yeye akatoa barua mfukoni, akaiweka mezani, akavaa miwani yake ya uzi, akainama juu ya picha kama anavyoinama juu ya kitambaa. Akaikagua kuanzia kushoto, taratibu, mpaka akafika pembeni kabisa kulia.

"Mkono wa mkubwa nimeuona," akasema. "Na huyu aliyeshika ncha ya kitambaa, anacheka, ni nani?"

Sikuwa nimemtazama huyo. Nimeipita picha, nimeing'oa, nimeibeba kifuani ukumbi mzima, macho yangu yako kwenye namba ya mtu mwingine.

"Ni mimi," nikasema.

"Umeshika chaki miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mkono wa koti refu inchi ishirini na moja. Hukujua?"

Watu wote walikuwa wananitazama, na Moyo Wazi pia, kwa upole uliozidi kunikera. Ningeweza kusema sikuona vizuri, au kwamba kamera ilikuwa inanimulika. Maneno yalikuwepo tayari, yamepangwa kama zile chaki.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua pale pale. Nikaona wanapiga picha."

Nusu Inchi akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa kipimo alichokuwa anakingoja. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akaukunjua mkasi wake, akauliza kitambaa cheupe kilichobaki ni mita ngapi, tukaanza kukata vikofi, vile vipande vya mwisho wa mkono, vya kuunganishia inchi mbili zilizopungua, mia nne, na karatasi ya vipimo ikasainiwa kwanza.

Jioni mlinzi aliuliza picha ikatundikwe wapi. Moyo Wazi alisema itupwe. Nusu Inchi akasema hapana, itundikwe hapa, juu ya meza, na yale maandishi ya chini yatolewe. Ipo mpaka leo. Kila asubuhi nikiinua chaki nayaona meno yangu.