Bango Juu ya Benchi

Mzee mwashi alisimama mbele ya bango jipya hospitalini. Lilichorwa mtu aliyepinda mdomo na kulegea mkono, na chini yake: "Hiki ni kiharusi. Wahi hospitali."

"Shikamoo baba, unamtafuta nani?" muuguzi akauliza.

"Marahaba. Simtafuti mtu. Hili mmelibandika lini?"

"Juzi tu, baba."

Akaguna. Asubuhi moja mwezi uliopita mkewe, fundi cherehani, alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, na maneno yakamtoka kama ana pamba mdomoni.

"We mama, umeonja nini mapema yote hii?" alimtania. Kisha akamkanda mkono kwa maji moto, akidhani ni uchovu wa cherehani, akamlaza. Walipofika hapa mchana, mkuu wa zamu akawaamuru wafuate foleni kama wengine. Jina la mkewe lilipoitwa, hakuitika; alikuwa amekata roho kwenye benchi hili lililo chini ya bango.

"Wakubwa wenu wanajua kubandika wakati watu wameshazikwa," mzee alimwambia muuguzi. "Ningeliona hili mapema, ningembeba mgongoni."

"Pole, baba."

Kona moja ya bango ilikuwa imebanduka. Akaikandamiza kwa kiganja, taratibu, kama anavyosawazisha plasta, mpaka ikashika.