Asiyekaribishwa Mezani

Jumamosi nilimfuata kasisi wetu ofisini kwake, nyuma ya kanisa, Kitabu cha Sala kwapani. Sikusubiri hata kukaribishwa kiti.

"Kasisi, kitabu kinasema watu wenye uadui wasikaribie Meza ya Bwana. Kesho Breki akija mbele, mzuie."

Breki ni dereva wa lori. Jina hilo alipewa ujanani kwa kujisifu kwamba hakuna anayejua kushika breki kama yeye. Siku alipomgonga mume wangu na kumuua alikuwa amelewa chakari, breki hakuzigusa. Alifungwa, akatoka, akaacha pombe, akarudi kanisani. Alikuja kwenye chumba changu cha kushonea kuniomba radhi, nikamfungia mlango. Aliporudi, nikammwagia ndoo ya maji miguuni. Roho haikunisuta hata kidogo.

Kasisi alivua miwani. "Umeisoma kanuni yote, mama?"

"Vitambaa vya madhabahu nashona mimi. Leo utanifundisha kitabu?"

"Kwa hiyo unataka niifuate?"

"Neno kwa neno."

Akavaa tena miwani. Nikaondoka kichwa juu.

Jumapili nilikaa benchi la mbele. Mahubiri yalihusu neema: kwamba wokovu haununuliwi wala si mshahara wa mtu mwema, hupokelewa kwa mikono mitupu. Niliitikia amina kwa nguvu, huku nikigeuka kumwinda Breki. Alikuwa benchi la nyuma kabisa, shati limenyooshwa vizuri. Hasira zikanipanda.

Tukapiga magoti, tukaungama pamoja dhambi zetu kama kitabu kinavyoelekeza. Yale maneno nayajua kwa moyo, niliyamaliza kabla ya wenzangu. Kisha, kabla ya mwaliko, kasisi akateremka ngazi za madhabahu. Nikajisemea, haya, leo atakiona cha moto.

Akasimama mbele yangu. Akainama.

"Mama, leo usije mezani," akaninong'oneza. "Kanuni inaendelea. Mmoja akitubu na kutaka kupatana, mwenzake akakataa, anayetubu apokelewe. Anayekataa angoje."

Mimi! Mjane! Aliyeuliwa mume ni mimi! Nilitaka kupiga kelele, nikang'ang'ania benchi. Watu wakanipita kwenda mbele: wifi yangu, wanakwaya, hata yule fundi mwenzangu ninayejua fika anavyokata vitambaa vya wateja na kujiwekea. Jasho lilinitoka mgongoni kwa aibu.

Benchi likalia. Breki alikuwa amepiga magoti kando yangu.

"Nenda," nikamwambia. "Wewe umeruhusiwa."

"Siwezi kula wewe ukiwa nje, dada. Mimi ndiye niliyekufikisha hapa."

"Sijakusamehe."

"Najua. Nitangoja na wewe."

Nikamgeukia. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka mbele za watu, wala hajifuti. Kumchukia, nilimchukia bado. Lakini kanisa zima lilikuwa limekwisha kula, kasisi amesimama peke yake na sahani ya mkate mkononi, na mtu pekee aliyekubali kubaki nje pamoja nami ni yule aliyemuua mume wangu. Nikasimama.

"Inuka," nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. "Kasisi anatungoja, unanichelewesha."